Samaki wa Paka

Siku waliyokaa kutugawa walikuwepo baba mdogo Maingi, ndugu ya baba yetu, na mkewe Syokau. Shangazi Koki, dada yao, aliyekuja kutoka Tala na kikapu cha sukuma. Mzee Nzuki wa kanisa, aliyeitwa kufungua kwa sala. Na sisi wanne: mimi Mwende, niliyekuwa darasa la saba, Mutua, Ndinda, na Kioko, aliyesinzia mapajani mwangu wakati wakubwa wakimjadili. Hakuwepo mwingine. Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita, tulipomzika baba mdogo, kijana mmoja alishika kipaza sauti mbele ya hema akasoma kwamba marehemu "aliwalea yatima wanne wa kaka yake kama watoto wa tumbo lake." Watu wakaguna kwa heshima. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu amlipe." Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mahali pa familia, na mpiga video akanigeuzia kamera yake ili achukue machozi. Aliuona uso wangu, akaigeuza kamera haraka ikatazame jeneza.

Jioni yake tulikaa sisi wanne katika nyumba ya mama, hapa Masinga, ambayo nimeibadilisha mabati lakini sijabomoa ukuta hata mmoja. Ndinda alichemsha chai. Mutua, ambaye siku hizi anaishi Syokimau na hunywa chai bila sukari, aliniambia, "Mwende, mtu amekufa. Achana nayo." Kioko, ambaye ana mvi kuliko mimi, akasema, "Hata mimi nilitaka kucheka pale kwa hema. Kutulea! Labda alitulea kwa macho." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa mtu wa hasira tangu mwaka ule, na watu wameniombea sana iniondoke, lakini hasira hii ndiyo iliyonishikilia kwenye mwamba wa bwawa jua likiwa utosini, na siwezi kuitupa sasa eti kwa sababu mtu amewekwa kaburini na maua ya plastiki. Jinsi wazazi wetu walivyokufa si habari ya sura hii. Habari ya sura hii ni namna tulivyobaki.

Chumba walichokalia kutugawa ni hiki hiki. Viti vilikuwa na vitambaa vya mama, vile vya kushonwa kwa uzi mweupe, na Syokau alikuwa ameshaanza kukikunja kimoja akikitazama vizuri pembeni. Mzee Nzuki aliomba kwa muda mrefu. Kisha baba mdogo akazungumza kwa sauti ya mtu anayegawa mbuzi wa mahari. "Mutua ni mkubwa wa kuchunga. Nitamchukua mimi. Ndinda aende Tala na Koki, atamsaidia sokoni. Huyu mdogo atakaa na Syokau mpaka aache kukojoa kitandani." Nikauliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe ni msichana mkubwa. Kuna watu Machakos wanatafuta mtu wa nyumba." Hakuna aliyeuliza habari ya shamba letu, lile linaloteremka mpaka kwenye maji, ambalo halikosi unyevu hata wakati wa kiangazi. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Ng'ombe wa baba mdogo walikuwa tayari ndani yake, nikiwaona dirishani nyuma ya kichwa chake.

Nikasema hatugawanywi. Baba mdogo akacheka, akamwangalia mzee Nzuki. "Utawalisha nini? Kitabu cha darasa la saba?" Nikarudia kwamba hatugawanywi. Sikuwa na neno lingine, na nadhani kama ningekuwa na maneno mengi wangenishinda. Shangazi Koki akasema, "Maingi, mwache mtoto ajaribu, si atashindwa mwenyewe?" Mzee Nzuki akaona mlango wa kutokea, akaamua hivi: tukae mpaka Krismasi. Wakati huo wangekutana tena, watu hao hao, na kama watoto wangeonekana na njaa, au wanaishi maisha ya aibu, wangegawanywa bila mjadala. Jumatatu iliyofuata sikurudi shuleni.

Mvua ya vuli ilikuwa imekataa, na ile ya masika ikanyesha kama mtu anayetema mate. Mahindi yalifika magotini yakageuka makaratasi. Tulikula muthokoi uliobaki ghalani, yale mahindi ya kutwangwa tuliyoachiwa na mama, nikiupika na kunde, halafu nikaupika bila kunde, halafu nikasikia mkono wangu unakwaruza udongo chini ya ghala. Maji ya bwawa nayo yalikuwa yakirudi nyuma, yakiacha matope yaliyopasuka na visiki vya miti iliyozama kabla hatujazaliwa. Huko kwenye visiki ndiko nilikomkuta Akinyi. Alikuwa mjane aliyefuata mume wake kutoka ziwani. Mume akauawa na kiboko hapo hapo bwawani, na yeye hakurudi kwao, kwa sababu alijua ndugu ya mume alikuwa akimngojea amrithi. Alikuwa na kibanda cha makuti na karatasi ya nailoni pembeni mwa maji, na alivua kwa mshipi. Wanaume wenye mashua na nyavu walimcheka. Walimwambia mwanamke hashiki ndoano, hata kwao ziwani ni mwiko. Aliwajibu, "Kwetu ziwani nilikuwa na mume pia. Mrudisheni, nitaacha."

Nilisimama nikimtazama mpaka akaniuliza kama nimetumwa na polisi. Nikamwambia nina wadogo watatu. Hakunipa pole. Alikata kipande cha mshipi wake, akanifungia ndoano, akaweka kipande cha risasi cha kuuzamisha na kipande cha ndara kuukuu cha kuelea. "Kaa," alisema. "Usisimame-simame kama mnara wa kanisa, kivuli chako kinaingia majini." Siku ile sikushika kitu. Siku ya pili alinipa donge la ugali niliweke kwenye ndoano, na nikalia. Watoto nyumbani walikuwa wamekunywa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na mimi nilikuwa nimeshika ugali nikiutia majini. Akinyi aliniangalia akaghadhabika. "Nyathina," alisema, na baadaye nilijua maana yake ni mwanangu, "ukiula huo, mmoja ameshiba mpaka jioni. Samaki akiula, wanne wanashiba. Tupa!" Nikatupa. Ile ndara ilitetemeka, ikalala ubavu, ikazama, na mkono wangu ukashtuka kama nimeguswa na mtu gizani.

Niliyempata alikuwa kambare, mweusi, anayeteleza, mwenye masharubu. Nilimbeba nyumbani kwenye jani la mgomba. Hapo lazima nieleze jambo ambalo vijana wa siku hizi, wanaokula samaki wa kukaanga pale kwenye lami na kulamba vidole, hawaliamini. Kwa wazee wetu samaki hakuwa chakula. Alikuwa ikuyu, kitu cha majini, ndugu ya nyoka. Bwawa lilipokuja, samaki walikuja, lakini nyumba nyingi bado zilisema sufuria iliyopika ikuyu imeharibika, haiwezi kupika tena chakula cha watu. Mutua alimtazama kambare akakataa kabisa. "Hii iko na ndevu kama baba mdogo." Ndinda akasema, "Basi tumle haraka." Walikula. Nilipika nje, kando ya ghala, kwa sufuria iliyotoboka niliyoiziba kwa matope na majivu, na watoto walikula wamechuchumaa, na usiku ule hakuna aliyeniamsha kuniambia tumbo lake linauma.

Baba mdogo alifika keshoye. Harufu ilikuwa imempata kwenye ng'ombe wake. Alisimama mbali na jiko kama vile mfupa ungemrukia. "Mwende, kula kile unataka, mimi si polisi. Lakini sufuria ya ikuyu isiingie kwa nyumba ya kaka yangu. Na huyo mama wa ziwa asikanyage hapo ndani. Ikiingia, hiyo ndiyo aibu tulisema na mzee Nzuki. Krismasi si mbali." Nilijua alichotaka. Alitaka nikose mahali pamoja tu, padogo, ili azoe watoto na shamba kwa mkono mmoja. Sikumpa nafasi hiyo. Mwaka mzima tulikula nje, juani na kwenye vumbi, na sufuria ya mama, ile kubwa ya chuma nzito, ilikaa ndani ikiwa safi na tupu. Akinyi aliponiletea ndoano mpya alikaa kwenye jiwe karibu na ghala kama mtu aliyekuja kudai mbwa wake. Katika nchi hii mgeni hata akija kukutukana unamwingiza ndani, unamvutia kiti, ndipo unamsikiliza matusi yake. Na mwanamke aliyekuwa anaifanya familia yangu iishi alikula chakula chake kwenye jiwe.

Nilijifunza. Asubuhi nilichimba minyoo kwenye matope yaliyoachwa na maji, nikaifunika kwa udongo mbichi ndani ya kopo. Nilijua kisiki gani kambare hulala chini yake, na wapi tilapia huja jua likipoa, na wapi mamba huota jua na macho yake yamefungwa nusu. Akinyi alizungumza wakati wote bila kutikisa mshipi wake. Alinieleza habari za wanaume wa mashua, nani anamwogopa mkewe, nani anakojoa majini akisema ni wimbi. Alikuwa na mdomo mchafu na moyo usiopima. Tulichoshika alikigawa kwa macho, na kila mara fungu langu lilikuwa kubwa, na nikilalamika alisema, "Mimi niko na tumbo moja. Wewe uko na nne, na moja yao inakojoa kitandani."

Ndipo paka walipoanza. Wa kwanza alikuwa wa Syokau. Alikuja mchana, na bakuli chini ya leso, akatazama kulia na kushoto. "Mwende, huna vichwa hapo? Ni vya paka." Nikampa vichwa. Akaja tena. "Na kama kuna kipande cha mgongo. Paka wetu ameanza kukataa vichwa." Siku nyingine paka huyo alihitaji samaki mzima, aliyepasuliwa, mwenye chumvi. Kisha akaja mke wa jirani, paka wake amezaa. Kisha mzee Nzuki mwenyewe, amekokota baiskeli, akaniambia nyumba ya kanisa ina panya wengi na paka wa pale amedhoofika, hawezi kazi. Shangazi Koki alikuja na kikapu kitupu akarudi Tala na samaki waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti chini ya mboga, wa paka wa mwenye nyumba wake. Wengine waliniletea kikombe cha mahindi, na hao sina neno nao. Syokau hakuleta hata punje. Mwaka ule hapakuwa na maziwa, mbwa walikonda mpaka wakasahau kubweka, lakini kijiji chetu kilifuga paka kila nyumba, na hakuna aliyewahi kusikia hata mmoja akilia.

Kioko ndiye aliyemwona. Nilikuwa nimemtuma kwa Syokau kurudisha ungo. Alirudi mbio, macho makubwa. "Mwende! Nimemwona paka wa baba mdogo!" "Yukoje?" nikamuuliza. "Amekaa kwa meza," akasema. "Ako na kofia." Ndinda alianguka chini kwa kucheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga ukuta kwa kiganja mpaka kikafa ganzi. Kwa sababu mtu yule alikuwa anakula kwa meza, ndani, kwa sahani, kile alichotukataza sisi kukiingiza kwetu, na Krismasi alikusudia kutunyang'anya kila kitu kwa kosa la kukila.

Nilimwambia Akinyi. Nilidhani atacheka, maana alicheka kila kitu. Alitia chambo kwenye ndoano polepole. "Mimi sijali wale nini," alisema. "Lakini nimechoka kula nje. Tangu mume wangu afe sijakaa kwa kiti ya mtu. Nyathina, hii mambo yenu ikiisha, utanipikia. Ndani. Kwa sufuria ya mama yako, ile unaificha. Nikae kwa kiti yenye kitambaa, unipakulie, tule tukiongea ujinga." Nikamwambia, "Nitakupikia." Akasema, "Usiseme kama unaniambia asante. Sema kama ni deni." Nikasema ni deni.

Siku ya mkutano ilipofika niliamka na uamuzi. Nilitoa sufuria ya mama, nikaiweka kwenye mafiga ya ndani. Niliweka tilapia wakubwa tuliowavua jana yake, nyanya, kitunguu ambacho Ndinda alikipata kwa jirani mwenye paka aliyezaa. Nilitandika vitambaa kwenye viti. Niliposikia wanabisha hodi nilimwambia Mutua, "Nenda bwawani, mwambie Akinyi ni leo. Aje wakati huu huu." Baba mdogo aliingia, akasimama mlangoni, pua yake ikafanya kazi. Kisha akatabasamu. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile. "Mzee Nzuki, umesikia harufu? Sihitaji kuongea mingi. Ndani kabisa. Kwa sufuria ya marehemu. Hawa watoto wamelishwa nyoka wa maji mwaka mzima na mwanamke hatujui ametoka wapi. Hiyo ndiyo aibu. Ni wagawanywe leo."

Niliwatazama mmoja mmoja. "Kabla ya kugawa," nikasema, "nataka kuuliza. Nani hapa ako na paka?" Syokau alivuta leso yake. Mzee Nzuki akakohoa, akatoa kitambaa, akakohoa tena ndani yake. Nikasema, "Nauliza tu, kwa sababu nimewalisha, na ningependa kuwaona." Baba mdogo akafoka, "Msichana, chunga mdomo!" Hapo shangazi Koki akapasuka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka. "Maingi, kaa chini. Paka ni mimi. Nimekula mpaka nimenenepa, ona! Na Syokau ni paka. Na wewe ni paka dume, hata kofia yako inanuka samaki. Mzee Nzuki, nisamehe, lakini kanisa halina paka." Mzee Nzuki alikunja kitambaa chake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watoto hawaonekani na njaa," na akafunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali. Hatukugawanywa. Ng'ombe walitolewa shambani kwetu kabla ya mwaka mpya.

Lakini baba mdogo hakuwa amekuja na mdomo peke yake. Wakati sisi tunazungumza habari za paka, vijana wake wawili wa kuchunga walikuwa bwawani na mapanga. Mutua alirudi peke yake, amekimbia mpaka hana pumzi, ameshika kijiti kilichoviringishwa mshipi. Nikatoka mbio bila kumwambia mtu neno. Nilikuta makuti yamekatwa na kutupwa majini, karatasi ya nailoni imechanwa, mafiga yamepigwa mateke. Wanaume wa mashua walisimama mikono mfukoni. Mmoja aliniambia Akinyi amepanda pikapu ya wanunuzi wa samaki, hakulia, amewatukana wote kwa Kijaluo, na kile kijiti amempa Mutua aniletee. Nikauliza pikapu imeelekea wapi. Kila mmoja akaonyesha upande wake.

Nilirudi nyumbani nikitembea. Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa bado wamo ndani, wote, wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa. Sufuria ya mama ilikuwa katikati yao, na ilikuwa tupu. Syokau alikuwa akifyonza kichwa cha samaki. Baba mdogo alikuwa amevua kofia akaiweka gotini, na aliponiona alifuta mdomo akasema, "Umepika vizuri, Mwende. Sasa hii ni kupika." Walikuwa wameketi mahali pa Akinyi, wamekula samaki wa Akinyi, na hawakuona kitu cha ajabu. Nilichukua sufuria, nikatoka nayo nje, nikaisugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu.

Niliwalea wadogo zangu. Niliwasomesha kwa mshipi ule na mingine iliyofuata, na bado navua, ingawa magoti yamechoka na mwamba. Nimemuulizia Akinyi kwa kila mtu anayenunua samaki. Wengine wamesema alishuka na mto mpaka bwawa la Kiambere, wengine alirudi ziwani, wengine wanakisia amekufa kwa vile ni miaka mingi. Baada ya mazishi ya baba mdogo, mchungaji alinisikia nikisema haya akaniambia kwa upole kwamba deni la mtu asiyepatikana hulipwa kanisani. Nitoe sadaka kwa jina lake, nitapata amani. Nikamwambia kwamba Akinyi hakuomba sadaka, aliomba kiti. Jioni ile, Kioko na wenzake walipoanza kuzunguka jikoni wakiuliza mbona ile sufuria kubwa haipikiwi kitu na sisi tuko wengi, niliwapikia kwa nyingine. Ile iko ukutani, nimeisugua wiki hii. Bado sijampakulia.